Yaya Asiyetajwa Jina: Mwanamke na Tabaka katika Riwaya ya Mto Tana

Mwanafunzi wa shule ya sekondari aishiye Minjila, mji mdogo ulio karibu na Garsen, kwenye njia panda ya barabara za Malindi, Hola na Lamu, apewapo riwaya ya Kiingereza ya enzi ya Malkia Victoria (1837–1901), huiona kuwa ni habari ya ugenini. Ndani yake hukuta theluji, magari ya kukokotwa na farasi, kasisi wa kijijini, na mabinti wanaongoja kuposwa na wenye mashamba. Mwalimu naye mara nyingi huuthibitisha ugeni huo kwa kumwambia kwamba riwaya hizo zaonyesha nafasi ya mwanamke katika jamii ya Waingereza, kana kwamba jamii hiyo ilikuwa na mwanamke mmoja tu, na kana kwamba Waingereza wa zama hizo hawakutoka kwao. Wote wawili huisahau riwaya moja ambayo sehemu kubwa ya sura zake za mwanzo haitendeki London wala Yorkshire, bali katika mto uo huo upitao Garsen. Riwaya hiyo ni Allan Quatermain ya H. Rider Haggard, iliyotolewa mwaka 1887.

Makala haya yanakusudia kuzichunguza sura hizo za mto Tana kwa swali moja: ni mwanamke yupi apewaye jina, sauti na huruma, na ni mwanamke yupi anyimwaye? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba neno "mwanamke" peke yake ni chombo butu mno mkononi mwa mhakiki. Katika riwaya ya Haggard, kama katika riwaya nyingi za enzi yake, na kama katika baadhi ya tenzi za Waswahili zilizotungwa jirani na mto huo, heshima ya mwanamke mmoja imejengwa juu ya kazi ya mwanamke mwingine. Na ni tabaka, zaidi ya jinsia, liamualo nani kati yao atakumbukwa.

Kisa chenyewe si kirefu. Wanaume watatu wa Kiingereza, Quatermain, Sir Henry Curtis na Kapteni Good, pamoja na shujaa wa Kizulu Umslopogaas, wanafika Lamu, wanaajiri wapagazi na askari, kisha wanapanda mto Tana kwa mitumbwi wakitafuta taifa la watu weupe lisemwalo kuwa limejificha bara. Njiani wanaandamwa na Wamaasai hata wakafikia kituo cha misheni cha Mskoti aitwaye Mackenzie. Hapo wanakuta nyumba ya mawe, ukuta, bustani ya maua ya Ulaya, mke mstaarabu, na binti wa miaka kama 10 aitwaye Flossie. Siku chache baadaye Flossie anatoka kwenda kulitafuta ua la nadra, aina ya yungiyungi, ili ampe Quatermain zawadi. Anatekwa. Watekaji wanadai uhai wa mmoja wa wageni kuwa badala yake, na wanaume wa kituo wanaamua kuishambulia kambi alfajiri ili kumwokoa. Baada ya vita hivyo riwaya inauacha mto Tana, inaingia katika nchi ya kubuni ya Zu-Vendis yenye malkia wawili, Nyleptha na Sorais, wanaogombea mume mmoja. Sehemu hiyo ya pili yaweza kupitwa haraka. Ni ndoto ya mwanamume wa Kiingereza aliyejiota akipendwa na malkia wawili kwa pamoja, na thamani yake kwa uchunguzi huu ni ndogo kuliko ukurasa mmoja wa mazungumzo ya Flossie bustanini.

Ukurasa huo wastahili kusomwa polepole. Quatermain anamuuliza mtoto kama haoni upweke kuishi mbali na watoto wenziwe. Flossie anakana kwa nguvu. Anasema kwamba angechukia kufukiwa katika kundi la wasichana weupe wanaofanana naye hata asitambulikane. Huku, asema, yeye ni yeye. Kila mwenyeji kwa maili nyingi anamjua kwa jina la yungiyungi waliompa, na kila mmoja yu tayari kufanya atakalo. Katika vitabu alivyosoma juu ya wasichana wa Uingereza, mambo si hivyo: wao huonekana mzigo, na hapana budi watii apendavyo mwalimu wao.

Ni nadra mwandishi wa hadithi za mapambano kusema kweli kubwa namna hii bila kujua kwamba ameisema. Mtoto huyu ameeleza kwa maneno machache kazi ambayo ukoloni mkongwe ulimfanyia mwanamke wa tabaka la kati la Kiingereza. Nyumbani kwao angekuwa mtu mdogo: mtoto, tena wa kike, tena wa kasisi. Hapa mtoni amepanda daraja asiloweza kulifikia kwao hata kwa ndoa njema. Nafsi yake anayojivunia, huo "mimi ni mimi" wake, haikutokana na yeye mwenyewe. Imetokana na utiifu wa watu wengi walio chini yake. Akiondolewa watu hao, Flossie anarudi kuwa msichana mmoja kati ya wasichana wengi.

Ili kuona jinsi hofu ya kushuka daraja ilivyowaelemea wasichana wa riwaya za wakati huo, yatosha kumtazama Alice wa Lewis Carroll, aliyechapishwa mwaka 1865 na ambaye wasomaji wa Kiswahili walimpata mwaka 1940 kwa jina la Elisi. Alice akipotewa na fahamu ya yeye ni nani, jambo limtishalo ni kwamba huenda amekuwa Mabel, msichana asiyejua masomo na akaaye katika nyumba finyu yenye vitu vichache vya kuchezea. Baadaye kidogo sungura anamdhania kuwa ni mtumishi wake Mary Ann, anamtuma glavu, naye anakwenda mbio kabla hajatambua kwamba ametumwa. Watoto hucheka hapo. Lakini mchezo huo wa kitoto unaonyesha kwamba kati ya binti wa nyumba na kijakazi wa nyumba palikuwa na pazia jembamba tu, na kwamba binti alilijua hilo.

Jane Eyre wa Charlotte Brontë (1847) ameishi ndani ya pazia lenyewe. Yeye ni yatima aliyesomeshwa, mwalimu wa nyumbani kwa Rochester kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwaka. Si bibi wa nyumba wala si mtumishi wa jikoni; wageni wa bwana humsema vibaya mbele yake kana kwamba hasikii. Wahakiki wengi wamemsifu Jane kwa ujasiri wake wa kudai usawa wa roho mbele ya bwana wake, na sifa hiyo ni haki yake. Ila yafaa kukumbuka jinsi Brontë alivyolitatua tatizo la tabaka: Jane hawi sawa na Rochester mpaka amerithi mali ya ami yake, pauni 20,000, ambazo anazigawa na binamu zake watatu. Roho huru ilihitaji fedha za kuisimamisha. Na juu yake, katika chumba cha darini, yumo Bertha Mason kutoka Jamaika, anayelindwa na mwanamke mwingine wa mshahara, Grace Poole. Jane humwogopa Grace Poole, humdhania uovu, na watumishi wenziwe huuonea wivu mshahara wake. Ila hakuna katika kitabu kizima amwulizaye mwanamke huyo huishije kwa kufungiwa juu na mgonjwa usiku na mchana ili siri ya bwana isitoke. Mtu akiingalia Jane Eyre kwa macho ya Grace Poole, anaona nyumba tofauti kabisa.

Jicho hilo ndilo linalohitajika tukio la kutekwa kwa Flossie linaposomwa. Flossie hakutoka peke yake. Alifuatana na yaya wake na watu wa kumsindikiza. Kutoka kambini mtoto anampelekea baba yake barua, mojawapo ya sehemu zilizoandikwa vizuri katika riwaya nzima. Anaeleza jinsi walivyokamatwa wakirejea na ua lao. Kwamba mtu mmoja ameuawa, na mwingine amekimbia. Kwamba yeye na yaya hawajadhuriwa. Anakataa katakata mtu yeyote atoe uhai wake kwa ajili yake, na anamshauri baba yake jinsi ya kuishambulia kambi. Barua inaonyesha akili, utulivu na moyo mkubwa. Haggard hakumchora mtoto wa kike aliaye na kuzimia, na katika hilo apewe haki yake: Flossie huyu hubeba bastola ndogo, na akibanwa huitumia.

Lakini yaya je? Katika barua hiyo mtu aliyeuawa ametajwa kwa jina lake la Kizungu, Tom. Yaya ni yaya tu. Yeye pia amekamatwa. Yeye pia atakufa ikiwa shambulio litaharibika. Aliyetaka ua si yeye. Alikwenda kwa kuwa mtoto alikwenda, na kazi yake ni kwenda aendako mtoto. Flossie anapokataa kwa ushujaa kubadilishwa na uhai wa mtu mwingine, uamuzi huo unamfunga yaya pia, na haionekani kwamba kuna aliyemwuliza. Katika majadiliano marefu ya wanaume usiku ule, ambamo Quatermain anajitolea kufa na Mackenzie anateseka kati ya mwana na mgeni, mizani ina uhai wa namna mbili: wa binti na wa bwana mmoja mweupe. Wa tatu haumo. Msomaji aliyezaliwa kando ya mto Tana hana budi kujiuliza mwanamke huyo alikuwa mtu wa kijiji gani, na ni nani aliyekuwa akimlilia usiku huo huo ng'ambo ya pili ya ukuta wa Mackenzie. Haggard ameandika usiku huo saa kwa saa bila kumpa mstari mmoja.

Mama wa Flossie naye ana nafasi yake iliyokatwa kwa kipimo. Bibi Mackenzie ni yule mke ambaye mshairi Coventry Patmore alimtukuza, kuanzia mwaka 1854, kwa jina la malaika wa nyumbani: mpole, mcha Mungu, mtunza bustani, mwenye kuumia kimya. Umalaika huo, hata hivyo, ulikuwa na uongozi ndani yake. Isabella Beeton, katika kitabu chake mashuhuri cha utunzaji wa nyumba cha mwaka 1861, alimfananisha bibi wa nyumba na jemadari wa jeshi. Jeshi lenyewe ni watumishi. Uingereza ya wakati huo ilikuwa na zaidi ya wanawake milioni 1 wafanyao kazi katika nyumba za watu, na bila hao malaika asingepata nafasi ya kuwa malaika, kwani angekuwa akichota makaa na kufua. Huko Tana jeshi la Bibi Mackenzie ni wenyeji waliokusanyika misheni. Haggard anawaona wakiwa kundi, mfano wa miti iliyopandwa kuizunguka nyumba.

Fedha pia zimo. Baada ya mtoto kuokolewa Mackenzie anaazimia kurudi kwao, na hapo anafichua kwamba anazo pauni 30,000 alizozipata kwa biashara na kuziweka akiba Zanzibar. Jane Eyre angefundisha miaka 1,000 kuzipata. Mhubiri wa maskini amekuwa tajiri kwenye ukingo wa mto ambao wenyeji wake, kwa mujibu wa riwaya, hawana walichopata isipokuwa ulinzi na sala. Inashangaza kwamba wahakiki waliomwandikia Haggard kurasa nyingi juu ya mashujaa na shoka la Umslopogaas wamekipita kifungu hiki kidogo kama mtu apitaye duka lililofungwa.

Huenda ikasemwa kwamba uchunguzi wa namna hii unaitwika hadithi ya wavulana mzigo usioiwezea. Ni kweli kwamba Haggard hakudai kuandika juu ya wanawake. Katika Mashimo ya Mfalme Sulemani, riwaya yake ya 1885 iliyofasiriwa kwa Kiswahili mwaka 1929, msimulizi anajigamba mwanzoni kwamba hamna mwanamke katika kisa chake ila Foulata, kisha anamkumbuka na kizee Gagool. Lakini udhaifu wa utetezi huu waonekana katika utangulizi wa Allan Quatermain yenyewe. Humo msimulizi anamgeukia bibi mmoja wa tabaka la juu, aliyevaa kidani shingoni, anamwambia kwamba mapambo hayo yafanana sana na shanga za mwanamke asiyestaarabika, na kwamba ustaarabu ni rangi nyembamba tu juu ya ushenzi. Basi Haggard aliweza kuwaona wanawake wa tabaka mbili na rangi mbili kwa tazamo moja. Aliona shanga na kidani. Hakuona ndoo, jembe wala mtoto wa mtu mwingine mgongoni. Mwanamke wa Kipokomo aliyelima migomba na mpunga kwenye udongo ulioachwa na mafuriko, na mwanamke wa Kiorma aliyekamua ng'ombe na kuijenga kwa mikono yake nyumba ya nyasi aliyolala mumewe, hawana mahali katika mto wa Haggard. Naye alikuwa hajafika Tana. Habari za Wamaasai alizitegemea zaidi kitabu cha msafiri Joseph Thomson cha mwaka 1885. Lakini kutofika si udhuru kamili, kwa kuwa bustani ya Bibi Mackenzie pia hakuifikia, na akaijaza maua.

Historia nayo ilimjibu mwandishi upesi kuliko alivyotazamia. Mwaka 1886, kabla riwaya haijatoka, Wamaasai waliishambulia misheni ya Wamethodisti ya Golbanti, si mbali na Garsen ya leo, wakamwua mmisionari John Houghton na mkewe Annie. Haggard alipopata habari alitia tanbihi katika kitabu chake, akausikitikia mkasa huo na kueleza kwamba umetokea katika mto uo huo alioubuni vita vyake. Tanbihi hiyo ni ya heshima. Ila Wagala wa misheni waliouawa pamoja na Houghton na mkewe (jina hilo la Wagala Waorma wa leo hawalipendi, na limetumika hapa kwa kuwa ndilo la vitabu vya zamani) hawamo ndani yake. Tofauti iliyomo katika hadithi imejirudia katika maelezo ya tukio la kweli. Ndiyo maana si sawa kusema kwamba jambo hili ni la usanii peke yake.

Baada ya kusema hayo, uaminifu wadai uchunguzi ugeuke upande wa pili. Ingekuwa rahisi kumhukumu Haggard kisha kuzikumbatia tenzi za pwani kana kwamba hizo hazina tabaka. Mwaka 1858, miaka mitatu kabla ya kitabu cha Beeton, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha hali akiwa mgonjwa. Utenzi huu umegombaniwa sana. Wako wanaouona kuwa ni hati ya utumwa wa mke kwa mume, kwa sababu ya jinsi unavyomfunza binti kumkanda mumewe, kumpepea, kutomwamsha usingizini na kutotoka bila ruhusa. Wako pia wanaouona kuwa ni werevu wa mama anayempa mwanawe silaha za kutawala nyumba kwa ulaini. Kambi zote mbili zimejadili mke na mume, na zote mbili zimemsahau mtu wa tatu aliyemo ndani ya utenzi wenyewe. Mwana Kupona anamwonya binti yake asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi, wasije wakamvuta upotofuni.

Onyo hilo si jambo la pembeni. Ndilo linaloonyesha mawaidha yote yamesimama juu ya nini. Mke akae ndani. Basi nani atakwenda kisimani? Ajitande akitoka, tena atoke kwa nadra. Basi nani atakwenda sokoni uso wazi? Mjakazi hakuweza kuyafuata mawaidha ya Mwana Kupona hata angeyahifadhi yote kwa moyo, kwa maana kila sharti la heshima lililomo lilimtaka awe mtu asiyetumwa. Utenzi ni wa mwanamke mwungwana kwa mwungwana mwenziwe. Hilo haliupunguzii uzuri wake, wala ukweli wa mapenzi ya mama aliyekaribia kufa. Linaweka tu mpaka wa neno "wanawake" ndani yake. Tena, katika jambo moja mke wa pwani alimzidi mke wa Kiingereza: sheria ya Kiislamu ilimwachia mali yake baada ya ndoa, ilhali mke wa Kiingereza hakuipata haki hiyo kwa ukamilifu mpaka sheria ya mwaka 1882. Lakini mali hiyo iliweza kuwa watu, na baadhi ya watu hao walikuwa wanawake.

Karibu zaidi na Minjila kuna Fumo Liyongo, ambaye masimulizi ya wenyeji humweka upande wa Ozi, Shaka na Kipini, penye midomo ya mto. Edward Steere alichapa kisa chake kwa nathari mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akakiandika kwa utenzi mwaka 1913, miaka sita baada ya utumwa kupigwa marufuku kisheria katika pwani ya Kenya. Hapa kijakazi ana jina: Saada. Liyongo yumo gerezani, mama yake anampelekea chakula kwa mkono wa Saada, na walinzi wanakula kilicho kizuri. Liyongo anamwimbia Saada wimbo wa mafumbo ampelekee mama yake. Mama anaelewa, anaoka mkate wa wishwa, anaficha tupa ndani. Walinzi wanaudharau mkate huo, wanauacha upite. Minyororo inakatwa.

Uokovu wa shujaa huyu umetegemea mambo mawili ya kitabaka. La kwanza ni dharau ya walinzi kwa chakula cha wanyonge: wangekuwa watu wasiobagua mkate, Liyongo asingetoka. La pili ni kichwa cha Saada. Yeye ndiye aliyeupokea wimbo mlangoni mwa gereza, akauhifadhi, akaufikisha bila kuuharibu, akiwa kati ya walinzi ambao wangemwua kama wangeng'amua. Kwa lugha ya leo ya uhakiki, Saada ndiye hadhira ya kwanza ya shairi hilo, na ndiye fanani wake wa kwanza. Hapo Kijumwa amemshinda Haggard kwa mbali: yaya wa Mackenzie angeweza kuondolewa katika riwaya bila mshono kuonekana, lakini utenzi ukimwondoa Saada, shujaa anafia kifungoni.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba Kijumwa amemtendea haki yote. Akishaufikisha mkate Saada anatoweka. Liyongo anapouawa na mwanawe mwenyewe, akabaki amepiga goti kisimani na uta mkononi, watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai, mama yake ndiye anayeitwa kwenda kumbembeleza. Kijakazi hatajwi, ingawa kuteka maji ilikuwa kazi ya watu wa hali yake kuliko ya mtu mwingine yeyote mjini. Mwanamke wa Kigala naye, aliyeozwa Liyongo ili kabila lake lipate mbegu ya shujaa, na akamzaa huyo mwana muuaji, amepitishwa katika utenzi kama chombo cha kupokelea uzazi. Hana jina. Wajukuu wa kabila lake wanachunga ng'ombe leo kandokando ya Garsen.

Ilichukua muda mrefu kabla riwaya ya Kiingereza haijamweka mtumishi wa kike katikati ya kisa na kumwacha hapo. Elizabeth Gaskell aliukaribia mlango katika North and South (1855), alipoonyesha kwamba familia ya kasisi haipati kijakazi katika mji wa viwanda kwa kuwa wasichana wanapendelea ujira wa kiwandani, na alipomchora Bessy Higgins akifa kwa vumbi la pamba lililomjaa mapafuni. Thomas Hardy naye alimpa Tess (1891) utukufu wa msiba, ila alimtafutia kwanza nasaba ya kikabaila iliyosahaulika, kana kwamba mkulima mtupu asingetosha kuliliwa. George Moore ndiye aliyeingia ndani. Katika Esther Waters (1894) mtumishi asiyejua kusoma anazaa nje ya ndoa, kisha anaajiriwa kumnyonyesha mtoto wa tajiri huku wake mwenyewe akiwa amewekwa kwa mlezi wa kulipwa ambaye mikononi mwake watoto hufa. Esther anapata habari kwamba watoto wa wanyonyeshaji wawili waliomtangulia katika nyumba ile wamekufa. Anamkabili bibi yake, anamweleza kwamba uhai wa mtoto wa nyumba ile unanunuliwa kwa uhai wa watoto wa maskini, anaichukua sanduku yake na kuondoka. Riwaya hiyo si nzuri kila mahali. Sura za mbio za farasi zinachosha. Lakini katika ukurasa huo mmoja yaya amepewa jina, mtoto wake mwenyewe, na mdomo wa kusemea.

Ukurasa wa Moore ukiwekwa kando ya barua ya Flossie, sura za Tana zinabadilika mikononi mwa msomaji. Yanajitokeza maswali yanayoweza kuulizwa darasani Minjila bila kutafuta theluji wala magari ya farasi: yaya wa Mackenzie alilipwa nini, alikuwa na watoto wa kuwanyonyesha kwake au hakuwa nao, aliitwaje na mama yake kabla hajaitwa yaya. Familia ya Mackenzie ilipofunga mizigo kurudi Uingereza na pauni zake 30,000, riwaya ilihakikisha kwamba Flossie yumo katika msafara. Juu ya yaya, aliyelala kambini pamoja naye akingoja alfajiri ile ile, haikusema atabaki wapi.